Mkongo Mzima, Kifurushi Marehemu

Hongera zetu. Tangu 2009 taifa limechimba mitaro na kulaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga kutoka Dar es Salaam hadi mipakani. Shirika la TTCL linausimamia, kampuni za simu zinanunua uwezo wake kwa jumla, kisha zinatuuzia sisi rejareja, kwa kibaba.

Na kibaba chenyewe kina saa ya kufa. Umejiunga na kifurushi cha siku, umetumia nusu, ukapitiwa na usingizi. Unaamka, ujumbe mfupi unakuarifu kwamba muda wake umekwisha. Ungetaka kuiokoa nusu hiyo, ungenunua kingine mapema. Unga wa dukani kwa Mangi hauozi usiku wa manane eti hukununua mwingine. Ukipiga huduma kwa wateja, baada ya muziki mrefu, unaambiwa uzime simu, kisha uiwashe.

Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota, na angalau siku zile kisingizio cha kampuni za simu kilikuwa cha kweli. Waheshimiwa wa vifurushi, turudishieni MB zetu za jana.