Mkwe Haulizwi Jina

Waliotunga vitabu vya kufundishia Kiingereza walidhani, nami siwalaumu maadamu hawakupata kufika Kwashemshi, huko Korogwe, kwamba watu wawili wowote waweza kusimamishwa hadharani wakaulizana majina na umri, kisha wakarudi kuketi kwa salama. Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, alioutangaza Mwalimu Nyerere kuwa 1970, ulikuwa umekwisha kupita, na waliohitimu kisomo cha Kiswahili sasa walitaka Kiingereza. Nikakabidhiwa kitabu, chaki na karabai moja.

Wanafunzi wangu aghalabu walikuwa watu wa mkonge: wakataji, watu wa korona, yaani mashine ya kuchambua nyuzi, ambao nguo zao zilinuka maji ya majani yale, na mnyapara mmoja aliyejitwalia daftari la mahudhurio pasipo kupewa na mtu, akawa akiwaita wenziwe kwa sauti ile ile aitumiayo alfajiri shambani. Kwa kuwa karibu wote walinizidi umri, ilinipasa kumwamkia kila mmoja shikamoo kabla ya kumsahihisha, na kipindi kilikuwa saa moja tu.

Mkonge aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kwa miche elfu moja kutoka Florida ambayo 62 tu ndiyo iliyofika hai. Na tangu hapo mashamba ya Korogwe yakavuta watu wa kila kabila, wakaoana na wenyeji na wao kwa wao, hata ukoo mmoja ukaweza kujaza safu nzima ya madawati. Hayo daftari la mnyapara halikuyaonyesha.

Siku ya mazungumzo nilimsimamisha kijana mmoja mkataji akabiliane na mama muuza machungwa. Kijana akainamisha uso. Mama akajifunika upande wa khanga. Nikadhani ni haya ya lugha ngeni, nikamhimiza kijana. Basi akaugeukia ukuta, akauuliza kwa taadhima, "What is your name?" Ukuta haukujibu.

"Mwalimu," akaninong'oneza mzee mmoja, "huyo ni mkwewe. Jina lake halitamki hata kwa Kiswahili."

Nikamwondoa mama kwa staha, nikamweka mtani wa kijana, na dawa ikazidi maradhi; kwani alipoulizwa umri, mtani alijibu kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba alizaliwa mwaka ule baba wa muulizaji alipokimbia deni. Mnyapara akapiga meza, akawaongezea wote wawili kazi ya kesho.

Alhasili wazee walifanya shauri wenyewe: kijana akamuuliza jirani jina la mama yule, jirani akamuuliza mama, jawabu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Darasa langu likaimudu nafsi ya tatu kabla ya nafsi ya pili, kinyume cha kitabu, na upesi kuliko nilivyotarajia.

Ndugu msomaji, ukipelekwa kufundisha watu wazima upande wa Korogwe, chaki utaikuta huko huko. Wewe tangulia kuuliza nani kaoa kwa nani.