Kila Mtu na Kitabu cha Jirani Yake

Mwezi unakatika na kikundi chetu cha kusoma bado hakijachagua kitabu. Cha mwezi uliopita pia hatukukichagua, tulikiahirisha. Ukitusikia tunavyobishana chini ya mwembe wa Mwenyekiti utadhani tunagawana urithi wa shamba, kumbe tunatafuta kurasa mia mbili za kusomea chai ya tangawizi.

Kikundi hiki kilizaliwa ndani ya kikoba. Wapo waliochoka kukutana kila Jumamosi kuhesabu hisa na marejesho, wakasema jamani, tuongeze na akili. Sawa. Ila kikoba hakimtoki mtu kirahisi: tuna katiba, tuna mweka hazina, tuna faini ya kuchelewa na faini ya simu kuita kikaoni. Faini ya kutosoma kitabu haipo. Ilipendekezwa, ikapigiwa kura, ikaanguka vibaya sana.

Shida yetu ni kwamba hakuna anayependekeza kitabu anachotaka kukisoma yeye. Kila mtu analeta kitabu anachoona mwenzake anakihitaji. Mwenye nyumba anakuja na kitabu cha nidhamu ya fedha, na anakisifia huku macho yako kwa mpangaji wake. Mama mkwe mmoja alileta kitabu cha mke mwema. Kikao kilichofuata mkwewe akaleta cha namna ya kuishi na watu wasumbufu. Kuna kijana wa fulana za kubana ambaye hajawahi kutaja kingine chochote zaidi ya Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, kile kinachotandazwa kwenye maturubai ya wauza vitabu pembeni mwa barabara. Anataka sote tutajirike. Mweka hazina akimwona tu anafungua daftari la madeni.

Halafu yupo Mwalimu. Amestaafu, lakini kustaafu kwenyewe hakujafika mdomoni. Kwake yeye fasihi ilianza na Shaaban Robert, ikafungwa rasmi 1962 mzee alipofariki. Mimi Shaaban Robert simgusi, nisije nikapata laana. Na Kusadikika tuliisoma: ile nchi inayoelea angani, Karama kasimamishwa mbele ya mfalme, Majivuno anamshtaki, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa kila upande, wakarudi na mambo mema, shukrani yao ikawa gereza. Hadithi tamu, tena ina meno. Lakini Mwalimu hakutuachia nafasi hata ya kuionja. Dua ya kufungua kikao haijakauka midomoni, akauliza: "Haya, fani na maudhui. Nani ataanza na dhamira kuu?" Nikaona watu wazima, wenye wajukuu, wanainamisha vichwa wasichaguliwe.

Na ukweli ni kwamba huo ugonjwa hakutuletea Mwalimu peke yake. Wengi wetu mara ya mwisho kushika riwaya ilikuwa sekondari: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, na mtihani unatusubiri mlangoni. Tangu hapo kitabu kinatunukia chaki. Hatuulizi kama kinanoga, tunauliza kina ujumbe gani kwa jamii. Dada mmoja mwenye saluni alitusimulia Takadini mwanzo mwisho, jinsi Sekai alivyomkimbiza mwanawe mwenye ualbino wasije wakamuua, mpaka mama wa kwaya akatoa leso. Pale pale, watu wanafuta machozi, dada akajikohoza na kumalizia: "Kwa ujumla mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa, japo ana udhaifu wa hapa na pale." Akakaa. Nani alimwomba asahihishe?

Mwezi mmoja, kwa kuwa kila mtu alilalamika hana muda, tukaamua kuchagua kwa unene. Mweka hazina akaleta Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya 1990. Kurasa hazifiki mia! Kikapita kwa vifijo, bila hata mmoja kupinga, jambo ambalo sijawahi kuliona hata kwenye kupanga zamu za usafi. Mwalimu peke yake alikuwa anatabasamu, nami tabasamu la mwalimu huwa siliamini.

Wiki haijaisha, fundi gereji akanipigia usiku. "Kaka, hebu angalia nakala yako. Hii yangu nadhani kuna kurasa zimenyofoka." Hazikunyofoka. Mama mwenye genge alirudia ukurasa wa kwanza mpaka akahisi joto, akaenda kupima malaria. Yaani mtu yuko safarini anautafuta ukweli, mara wanafalsafa wa Ulaya hawa hapa, mara hujui tena aliye ndotoni ni yeye au ni wewe uliyeshika kitabu. Kwenye kundi la WhatsApp watu wakaanza kutakiana pole.

Ila siku ya kikao, nasema bila kinyongo, ndiyo siku pekee tuliyozungumza kama watu. Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwalimu aliuliza dhamira kuu, akajibiwa kwa umoja, "Tuambie wewe," naye akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu mno. Fundi gereji akasema amekisoma mara mbili, na ile ya pili aliacha kuhangaika na kila boliti, akasikiliza tu injini. Tukabishana mpaka mbu wakatufukuza. Kisha, kwa kuwa mema hatuyawezi, tukapitisha azimio: kitabu chembamba kisikubaliwe tena mpaka kifunguliwe mbele ya wajumbe.

Kezilahabi huyohuyo akatuletea kasheshe nyingine. Dada wa saluni alipotaja Rosa Mistika, mama wa kwaya akasimama: "Kile kilipigwa marufuku mashuleni!" Hakusema uongo. Kilitoka 1971, na kwa jinsi kilivyoyasema waziwazi yanayowapata wasichana kiliwahi kuzuiwa shuleni, ingawa baadaye kikaja kufundishwa humohumo. Mama alidhani anakizima. Kufika Jumatatu nakala pekee ya mtaani ilikuwa na foleni, na wa kwanza kwenye foleni ni yeye, eti lazima akijue vizuri anachokipinga. Mpaka leo hajakirudisha.

Gurnah? Tangu 2021 alipopata Nobel kuna jirani anamtaja kana kwamba walicheza gololi pamoja Unguja. Zamani kisingizio chake kilikuwa Kiingereza. 2022 riwaya yake Peponi ikatoka kwa Kiswahili, sasa kisingizio ni macho.

Na tukishakubaliana, ambako ni nadra, inakuja hesabu ya kununua. Watu waliochangia sare za harusi ya mtu wasiyemjua watakwambia kitabu ni ghali. Basi anatokea msamaria, anakipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kutumwagia kundini, dole gumba lake limekaa juu ya mstari wa mwisho kila mahali. Mpelelezi anamfumbua muuaji, muuaji ni kucha. Mwandishi atakula nini, hilo halina mwenye nalo. Chai ikipungua sukari ndipo utasikia habari za haki.

Mimi ombi langu ni moja na nimelirudia mpaka Katibu amechoka kuliandika: Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, 1974. Willy Gamba, bastola, warembo wasioaminika, na ukurasa unaojifungua wenyewe. Simkusudii jirani yeyote. Nataka kukosa usingizi kwa sababu ya maana, si kwa sababu ya mbwa wa Mwenyekiti. Mwalimu anasema hiyo si fasihi, ni vitu vya kusomea kwenye basi. Na iwe basi! Nagona tuliisomea kitandani tumelala na kamusi, nani alifika?

Lakini safari hii nimejipanga. Kikao kijacho chai na kashata ni juu yangu. Katibu anataka kuviandika kwenye kumbukumbu kama takrima, na aandike. Zaidi ya hayo, mke wa Mwalimu amenidokeza kwamba chini ya kitanda chao kuna sanduku la bati, na humo ndani Musiba yupo, Mtobwa yupo na Joram Kiango wake, vyote vimekunjwa kona kwa kusomwa. Ameniahidi kura yake, na ameniruhusu nilitaje sanduku hilo mbele ya kikao endapo mumewe ataleta habari za dhamira kuu. Sharti lake ni kwamba mwezi unaofuata nimuunge mkono na yeye. Anacho kitabu cha tiba ya wanaume wanaokoroma.