Asili kwa Tiketi

Mzazi wa mjini akifika Mbinga hulipa mtu amtembeze mwanawe mlimani, eti mtoto aonje asili. Buti jipya, kofia, maji ya chupa. Hawajafika mbali, mtoto kashabebwa mgongoni, buti halijagusa tope.

Mtoto wa Kimatengo, rika lilelile, anapanda mteremko wenye mashimo ya ngoro (yaliyozuia mmomonyoko kabla wataalamu hawajaja kuyaandikia ripoti) ndoo kichwani, mdogo wake mgongoni. Yeye hatembei, katumwa.

Wageni wanamuuliza njia ya kuteremkia Mbamba Bay, kisha wanamsikitikia: maskini, huku watoto hawana pa kuchezea! Anawaamkia shikamoo, anawaelekeza kwa kidevu. Mikono ameiazima ndoo.