Leso ya Desdemona

Kidato cha tano na cha sita vilizikwa na mfumo wa 8-4-4; mtihani wa mwisho ulifanywa 1989. Lakini mwenye pesa zake Mombasa hakosi njia: shule za binafsi zingali zinafundisha A-Level ya Uingereza, na fasihi ya Kiingereza imo. Ndipo utamwona kijana wa Kibokoni amepinda mgongo juu ya Othello, anatafuta katika kitabu cha ufafanuzi ilikuwaje leso moja ya kuokota ikamponza mke wa watu.

Mwanangu, si uingie ndani umuulize bibi yako! Ile ya Desdemona ina nakshi za matunda tu, haina hata jina. Za Mji wa Kale zina maneno, na wake wenza wamesutana kwazo tangu mwalimu wako hajazaliwa. Iago angefika Ndia Kuu na fitina zake zile, angepewa kahawa chungu aketi, ajifunze kazi.

Chaucer naye aisifu mvua ya Aprili kwamba huwatia watu hamu ya safari. Na aje Mwembe Tayari wakati wa masika, avuke barabara kwanza.

Na Muyaka bin Haji, malenga wa mji huu huu, aliyefariki yapata 1840? Hati za mashairi yake zilizokusanywa na mmishenari William Taylor ziko London, katika chuo cha SOAS. Kijana akipata alama nzuri, ataenda kumsoma huko.