Dakika Ishirini za Angani

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kama kilomita 70 tu angani. Ndege ndogo huzimaliza kwa dakika 20 hivi. Funga mkanda, meza mate masikio yazibuke, na minazi ya Unguja hiyo hapo chini.

Hizo ni za angani. Za ardhini zina hesabu yake. Nilitoka Mbezi alfajiri, foleni ikanila saa mbili nzima. Kiwanjani nikavua mkanda, viatu na heshima kidogo iliyobaki. Begi likapimwa, kisha nikapimwa na mimi, maana kwenye vindege hivi kitambi nacho ni mzigo. Nilipokaa nipumue, tukatangaziwa kwamba ndege "imechelewa kidogo." Hiyo "kidogo" haina dakika wala kilomita, inajulikana na aliyeitamka na Mola wake.

Jirani yangu, niliyemcheka jana yake kwa kukata tiketi ya boti, alitoka nyumbani saa ileile. Boti yake ilikata maji kwa saa mbili hivi. Nilipotua, simu ikaita:

"Vipi jirani, ushafika? Mie niko Darajani, nishamaliza urojo, naagiza kahawa."

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisahau kuongeza: hasa uliyoilipia nauli ya ndege.