Sebule Inayokonyeza Wageni

Hongera, jirani. Dari la jipsamu limekamilika: matundu 20, na kila tundu balbu ya halojeni ya wati 50. Jumla wati 1,000, sawa na kuwasha pasi ya umeme juu ya vichwa vya wageni tangu magharibi hadi usiku wa manane. Uniti za LUKU zikiisha, anayelaumiwa ni dada wa kazi, eti kachaji simu.

Hatimaye ukasikia habari za LED. Ukanunua za wati 5, jumla 100, tena zile zilizoandikwa kuwa zinapunguzika mwanga. Hapo ulicheza kama wewe. Lakini swichi ya kupunguzia mwanga ukaiacha ileile, kisa fundi ataomba hela. Swichi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa mzigo mkubwa wa halojeni. Zikipewa mzigo mdogo wa LED hazitulii. Ndiyo maana balbu zako zinakonyeza, zinavuma, na ukipunguza mwanga zinazimika ghafla kabla hujafika unapotaka. Mkwe wako juzi kauliza kwa adabu kama kuna disko.

Ndugu yangu, aliyemudu dari la fahari hashindwi na swichi moja. Soma boksi la balbu, mwite fundi umeme, na umwambie afunge swichi inayoendana na LED. Kisha mwombe radhi dada wa watu.