Fundi Asiyetaka Vita

Katika michezo ya mtandaoni ya kuigiza wahusika, maelfu ya watu huishi pamoja ndani ya dunia moja ya kubuni, na wengi wao hushinda wakiua majoka. Wapo wasiopenda kumwaga damu, hata ya joka. Hao huingia kwa nia ya kufua vyuma, kushona, kupika, kuvua na kuuza. Mchezaji wa aina hii huanza kutafuta mchezo akidhani anatafuta utulivu. Baada ya wiki chache ana bidhaa zilizododa, malighafi aliyokopa na ugomvi na fundi mwenzake juu ya bei ya misumari, na wala hajamgusa adui hata mmoja.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni kiasi cha vita kinachodaiwa kabla ufundi haujaanza. Final Fantasy XIV, uliofufuliwa na kampuni ya Square Enix mwaka 2013 baada ya toleo la 2010 kugonga mwamba, una fani 8 za ufundi, toka useremala hadi upishi, na nyingine 3 za kukusanya malighafi. Ukisikia hivyo unavutia. Lakini mgeni hukabidhiwa silaha kwanza, na haruhusiwi kushika sindano mpaka fani yake ya mapigano ifike ngazi ya 10. Mbao na madini ya maana nayo yako katika nchi zilizofungwa na hadithi kuu, na hadithi hiyo haisogei bila kupigana. Aliyekuja kushona makanzu hujikuta anaokoa ulimwengu kwanza, tena zaidi ya mara moja. Akibahatika kupata nyumba (viwanja ni haba hadi hugawiwa kwa bahati nasibu), asisafiri mno: kwa kawaida nyumba ambayo mwenyewe hajaingia kwa siku 45 hubomolewa.

Old School RuneScape una uungwana zaidi. Mhusika huanza na ngazi ya 3 ya mapigano, na akishamaliza panya wa mafunzo anaweza kubaki hapohapo maisha yake yote. Wapo wanaojivunia hilo. Kwa wasiotaka hata panya kuna A Tale in the Desert, mchezo wa Misri ya kale uliotoka mwaka 2003, ambamo hakuna mapigano kabisa.

Swali la pili husahauliwa na karibu kila mtu, nalo ndilo zito: kitu kikishatengenezwa, kitaharibiwa na nini? Upanga usiovunjika mteja huununua mara moja tu. Pale ambapo kila mtu ni fundi na hakuna kinachoharibika, haupiti muda kila mmoja ana panga tatu, na muuzaji amekaa nazo kibandani kama mitumba iliyokataliwa.

EVE Online, mchezo wa vyombo vya anga wa kampuni ya CCP ya Iceland, nao wa mwaka 2003, hulijibu swali hilo bila huruma. Karibu kila chombo kinachoruka humo kimeundwa na wachezaji, kwa madini yaliyochimbwa na wachezaji, na kikilipuliwa ndiyo basi tena. Tarehe 27 Januari 2014 vita vilizuka katika mfumo wa nyota uitwao B-R5RB. Chanzo hakikuwa usaliti wala mapenzi. Ada ya kumiliki eneo haikulipwa kwa wakati, eneo likawa halina mwenyewe, na maadui wakaingia. Baada ya saa 21 vyombo 75 vya daraja la Titan, vikubwa kupita vyote, vilikuwa vyuma chakavu, na hasara ilikadiriwa kufikia dola 300,000 za Marekani. Anayelipia umeme usiku wa siku ya mwisho hawezi kuwacheka waliochelewesha ada hiyo. Kwa fundi, vyuma chakavu hivyo ni oda mpya, na hapo ndipo mpenda amani hutambua kazi yake halisi: yeye ni mfanyabiashara wa silaha.

Mchimba madini naye asijidanganye. Maeneo yaitwayo salama yana polisi, CONCORD, ambao hawakosi kufika. Ila hufika kosa likishatendeka. Mshambuliaji huangamizwa, na mchimbaji hupata faraja ya kushuhudia haki ikitendeka akiwa tayari hana chombo. Albion Online, uliotoka Berlin mwaka 2017, una tabia hiyohiyo kwa mikuki na farasi: katika maeneo ya hatari aliyeuawa hupoteza alichovaa na alichobeba. Fundi anayekatiza huko na maksai wake aliyesheheni mbao amewapelekea wenyeji sadaka.

Michezo yenye vita vichache, au isiyo navyo, hulazimika kumtafuta mharibifu mwingine. Wurm Online, ulioanzishwa na Waswidi Rolf Jansson na Markus Persson, ambaye baadaye aliunda Minecraft, uliiachia kazi hiyo miaka: uzio, zana na nyumba huchakaa visipotunzwa. A Tale in the Desert huamua kiserikali zaidi. Dunia nzima hufikishwa mwisho na kuanzishwa upya, viwanda vyote vikiwa vimefutika. Kabla ya kiama hicho wachezaji hutunga sheria, hukusanya saini, hupiga kura, na huweza kumchagua kiongozi mwenye mamlaka ya kufukuza hadi watu 7. Mtu aliyekimbia majoka akaangukia kwenye kampeni za uchaguzi ana haki ya kujiuliza ni lipi lilikuwa afadhali.

Kazi yenyewe nayo ionjwe mapema, maana jina la fani halisemi lolote kuhusu jasho lake. Tanuri la mkaa la A Tale in the Desert huonyesha joto, kuni, hewa na hatari, vyote vikipanda na kushuka kwa wakati mmoja. Mchezaji huongeza kuni, joto linapanda. Hubana hewa, linashuka kupita kiasi. Hatari ikisogea juu humwaga maji, moto unazubaa, naye anaanza na kuni upya. Simu ikilia hapo katikati, mkaa umekwenda na maji. Kilosa, nchini Tanzania, kuna wachoma mkaa wanaoijua kazi hii pamoja na moshi wake, na haijawapitia akilini kwamba kuna anayeilipia ada ya mwezi ili apumzishe akili.

Katika Old School RuneScape mateso ni ya hesabu. Kuyeyusha chuma tanuruni hufeli nusu ya mara, na mpishi huendelea kuunguza uduvi mpaka afike ngazi ya 34. Kufikia ngazi ya 99 kunadai pointi 13,034,431, na nusu ya pointi hizo hutimia kwenye ngazi ya 92. Aliyefika 92 huwa tayari ameanza kupokea pongezi kabla rafiki anayejua hesabu hajamvuta pembeni.

Hasara ya kudumu zaidi hutokea sokoni, nayo huzaliwa na imani kwamba madini aliyochimba mtu mwenyewe ni ya bure. Fundi mwenye imani hiyo anatengeneza kifaa kwa madini ambayo yakiuzwa ghafi yangemletea sarafu 100, anakiuza kwa 80, na kuhesabu faida ya 80. Katika EVE, hadi mwaka 2014, alikuwa hakosi mteja wa kudumu, mpole, mwenye kusifu bei zake. Mteja huyo aliyeyusha bidhaa, akatoa madini yaliyomo na kuyarudisha sokoni, penginepo kwa fundi yuleyule.

Vifaa na gharama havina maneno mengi. Albion na Old School RuneScape huchezwa hata kwa simu. Wurm hutaka kompyuta. Seva zikiwa mbali, kuchelewa kwa mtandao humuua mpiganaji, lakini mhunzi huona tu nyundo ikikawia kushuka. Final Fantasy XIV una jaribio la bure lisilo na kikomo cha siku, lenye fani zote za ufundi zilizotajwa. Mchezaji wa jaribio hilo haruhusiwi kutumia soko, kwa hiyo makanzu anayoshona kutwa nzima huyavaa mwenyewe.